Kidato cha pili hawafungui kitabu mpaka niseme. Nawafundishaje kujisomea?

Mwl_Bios_Kilosa

Habari za jioni walimu wenzangu, na wazazi mlioko humu.

Nafundisha Biolojia kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata wilayani Kilosa. Ni shule ya kutwa. Kila mkondo una watoto zaidi ya 80, na kitabu kimoja wanakizunguka wanne, pengine watano. Hali hii wengi wenu mnaijua, kwa hiyo sitaieleza sana. Ninachotafuta ni mbinu.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye semina Morogoro mjini. Kabla ya kuondoka nilimkabidhi kiranja wa darasa mada ya usafirishaji wa vitu katika viumbe hai, nikamwandikia kurasa, nikaacha vitabu vyote nje ya kabati ili pasiwe na kisingizio cha ufunguo. Niliporudi nikavikuta pale pale, vimepangwa vile vile nilivyoviacha. Nikauliza kulikoni. Binti mmoja wa mstari wa mbele, mwenye akili nzuri tu, akasimama akanijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, ulikuwa hujatupa noti."

Hakuwa anajitetea. Alikuwa ananieleza jambo analoliona la kawaida kabisa. Kwake yeye kusoma ni kupewa noti, kuzinakili kwenye kaunta buku, kuzikariri na kusubiri mtihani. Kitabu ni mali ya mwalimu.

Nikiuliza swali ambalo jibu lake halimo neno kwa neno kwenye daftari, darasa zima linainama. Kazi ya nyumbani inarudi na majibu yanayofanana hadi makosa ya herufi. Na msidhani ni wavivu. Hawa hawa wanatembea mwendo mrefu asubuhi, wanafika kabla ya kengele, na jioni wana maji ya kuchota na wadogo zao wa kulea. Bidii wanayo. Hawajui waielekeze wapi inapofika kwenye kitabu.

Nimewaambia "jisomeeni", haikusaidia. Nimewapa mitihani ya nyuma, wakakariri majibu yake. Nimewaweka kwenye makundi, mmoja akaandika na wengine wakamtazama.

Swali langu: mtu anaanzaje kumfundisha mtoto kusoma mwenyewe, hasa pale ambapo kitabu kiko kwa Kiingereza na mtoto ametoka kusoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili? Upimaji wa kidato cha pili ni Novemba, muda hautoshi. Nitashukuru zaidi kwa mtu aliyeijaribu mbinu darasani kwake aniambie ilivyokwenda.

Mdau_Elimu

Mwalimu, mtaala wenyewe unasema mwanafunzi awe kitovu cha ujifunzaji. Wagawie mada, waweke kwenye makundi, wape wiki nzima, kisha wawasilishe mbele ya darasa. Wakikosea watajifunza kwa kukosea. Ukiendelea kuwabeba mgongoni hawatatembea.

Mama Chaki

Mwalimu wa Kilosa, pole na kazi. Mimi nafundisha Hisabati na Jiografia, sekondari ya kutwa, mkoa wa Njombe. Nilianza kazi kabla mtaala wa umahiri haujaingia sekondari mwaka 2005, na tangu hapo "mwanafunzi kitovu" nimeisikia kwenye kila semina.

Naomba nipingane na ndugu yangu hapo juu, kwa heshima. Darasa la watoto 80 ukiligawia mada na kuliacha wiki nzima, watakaojifunza ni wale wachache ambao wangejifunza hata usingekuwepo. Waliobaki watajifunza kwamba kitabu ni kigumu na wao hawana akili. Nimeliona hilo likiwatokea watoto wazuri na linaniuma mpaka leo. Kumwacha mtoto na kitabu ni jambo moja, kumfundisha kukisoma ni jambo jingine, na hilo la pili lina kazi kubwa kwa mwalimu, hasa mwanzoni.

Huyo binti wako amesema kweli tupu. Tangu darasa la kwanza hajawahi kumwona mtu mzima akisoma kitabu kigumu mbele yake. Anachokiona ni mwalimu kuja na jibu tayari, kuliandika ubaoni na kuondoka. Kule kusoma, kukwama, kurudi nyuma, kutazama mchoro, kulinganisha na kitabu kingine, kumefanyika usiku nyumbani kwa mwalimu. Mtoto hakuwepo. Sehemu hiyo ndiyo ya kuileta darasani.

Ninavyofanya mimi: nachukua kitabu kile kile walicho nacho wao, nasimama nacho, nasoma aya moja kwa sauti, na kila ninapokwama nasema nimekwama. Chukua mada yako hiyo hiyo. Umefika kwenye sentensi inayosema damu hutoka kwenye ventrikali ya kushoto kupitia aota. Simama hapo. Waambie: "Ventrikali silijui neno hili. Nifanye nini? Sitaki kumuuliza mtu bado. Hebu nitazame mchoro wa moyo. Naona vyumba vinne, na viwili vya chini ndivyo vimeandikwa ventrikali. Kumbe ni chumba cha chini. Na aota nimeiona, ni huu mrija mkubwa unaopanda juu, mshale unatoka nje. Basi sentensi inaniambia damu inatoka chumba cha chini, kushoto, inapanda kwa mrija huu." Halafu waulize wao: kushoto kwa nani, kwangu mimi ninayetazama mchoro, au kwa mwenye moyo? Waache wabishane. Usitoe jibu mpaka mmoja aligundue kwenye kitabu. Aya moja inaweza kukula nusu ya kipindi. Acha iile. Aya inayofuata mwite mwanafunzi aje mbele afanye vile vile, wewe kaa kwenye dawati lake.

Pili, kurasa za mwisho. Waulize watoto wako faharasa, ile orodha ya maneno na namba za kurasa zake, ni ya kazi gani. Kwangu, kila mwaka, walio wengi hawajawahi kuifungua. Hapo ndipo utajua kwa nini vitabu vyako vilikaa vimepangwa: mtoto hana mlango wa kuingilia, akitaka kupata kitu inabidi aanze ukurasa wa kwanza. Andika maneno matano ubaoni, usieleze lolote, wawili wawili watafute ukurasa tu. Wasisome. Watafute namba ya ukurasa na kunyoosha mkono. Siku nyingine, ukurasa na sentensi moja iliyo muhimu hapo. Hili ni zoezi dogo lakini darasa linachangamka ajabu, na wale wa nyuma wanalipenda kwa sababu halidai Kiingereza kingi.

Tatu, noti. Usiziondoe siku moja, watakuona umewatelekeza na wazazi watakuja shuleni. Ziondoe taratibu. Mimi huanza na noti zenye mapengo: naandika ubaoni lakini naacha maneno ya msingi wayatafute kitabuni. Wakizoea, naandika vichwa vya habari peke yake. Baadaye naandika maswali tu, na noti ni zile watakazoziandika wao kwa kujibu. Kila kipindi napitia daftari chache, za watu tofauti, si darasa zima, maana hapo ningeshindwa kabla ya mwezi kwisha.

Nne, nina sheria moja ambayo haina msamaha: ukija kuniuliza, kwanza niambie umetafuta wapi. Ukisema "nimetazama ukurasa huu na huu, nimemuuliza jirani yangu, tumebishana hapa", nakusaidia kwa moyo wote. Ukisema "sijaelewa" peke yake, tunakwenda pamoja mpaka kwenye faharasa. Simfukuzi mtoto. Tunakwenda pamoja.

Na kuna jambo walimu hatupendi kuligusa. Mtoto aliyewahi kuchapwa au kuchekwa kwa kukosa jibu hatathubutu kutafuta jibu mwenyewe, kwa sababu kutafuta ni kukubali kukosea mara kadhaa kabla ya kupata. Kama shuleni kwenu fimbo inatembea kwa ajili ya majibu yasiyo sahihi, mbinu hizi zote zitagonga mwamba. Kwenye kipindi chako, angalau, waambie wazi kwamba kukosa jibu hakuna adhabu, na usikiuke neno hilo hata siku umechoka.

Mkufunzi Mstaafu

Mama Chaki amenimalizia maneno. Nimefundisha vyuo vya ualimu muda mrefu, niongeze moja tu: watoto wetu wanadhani kusoma ni kurudia kusoma. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha majaribio yao. Wanafunzi walisoma kifungu. Wengine wakakisoma tena, wengine wakakifunga na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka: waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi.

Hizo dakika 5 ndizo zinazowapotosha vijana wetu. Anasoma noti mara tatu usiku, anazisikia zikimiminika kichwani, analala akiamini amemaliza. Wiki ya mtihani hazipo.

Kwa hiyo kila kipindi kianze kitabu kikiwa kimefungwa. Karatasi tupu, dakika chache, aandike yote anayokumbuka ya kipindi kilichopita. Halafu afungue, aongeze aliyosahau kwa peni ya rangi nyingine. Ile rangi ya pili ndiyo inayomwambia nyumbani asome nini. Usisahihishe wewe, usikusanye, usitoe alama. Ukiweka alama wataanza kuchungulia.

Kijana_PCB

Shikamooni walimu wangu. Mimi si mwalimu, nimemaliza kidato cha sita mwaka jana, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Kidato cha nne nilimalizia shule ya kata Singida, hatukuwa na mwalimu wa Fizikia karibu mwaka mzima. Naomba nichangie kuhusu makundi, maana hayo ndiyo yaliyotuvusha.

Kundi likiwa kubwa linakufa. Sisi tulikuwa watano, wote wa njia moja ya kurudi nyumbani, kwa hiyo mzazi hakuwa na wasiwasi tukichelewa. Baada ya vipindi tunabaki darasani na kipande cha chaki. Sheria yetu kubwa: anayesimama ubaoni ni yule ambaye hajaelewa. Yule kipanga anakaa chini na haruhusiwi kuandika, anaruhusiwa kuuliza tu, "kwa nini umefanya hivyo?" Mwanzoni ni aibu, unasimama pale hujui hata uanzie wapi. Lakini ukishika chaki wewe mwenyewe unagundua sehemu hasa unayokwama, tofauti na kukaa na kuitikia "ndiyo, ndiyo" wakati mwenzako anamwaga vitu.

Ya pili: hakuna kusema "tumeelewa, tuendelee". Unaeleza kwa maneno yako, kwa Kiswahili, hata kwa Kinyaturu ukitaka, halafu mnatafuta pamoja jinsi ya kuiandika kwa Kiingereza cha mtihani. Diskasheni za madesa tu, mtu anasoma wengine wananakili, hazikutusaidia hata moja.

Mzazi wa Voi

Hamjambo majirani. Nawafuatilia kutoka Kenya, nina watoto wawili shuleni, mkubwa yuko sekondari msingi. Huku kwetu "kujifunza jinsi ya kujifunza" ni mojawapo ya umilisi wa kimsingi saba katika mtaala wa umilisi, umeandikwa kabisa kwenye vitabu. Nashukuru umewekwa. Lakini nawaambia kitu kama mama: kazi ya mtoto ikiletwa nyumbani bila mtoto kufundishwa aifanye vipi, inafanywa na mzazi. Kuna usiku nimekaa hadi saa sita nikigundisha katoni za maziwa kuunda mfano wa nyumba, mtoto amelala. Shuleni ikasifiwa. Mtoto wangu alijifunza nini?

Mwalimu wa gredi ya saba alibadilisha jambo dogo tu, nikampenda kwa hilo. Kila kazi inaanziwa darasani. Mtoto anakuja nyumbani na karatasi ameandika mwenyewe: nitatumia nini, nitaanza na nini, sehemu gani sijui. Mimi naulizwa niisome hiyo karatasi na nisaini, basi. Sasa hata nikitaka kuingilia, mtoto ananikatalia: "Mama, si hivyo nilivyopanga." Kwa hiyo mwalimu wa Kilosa, wahusishe wazazi mapema, lakini uwape kazi ndogo iliyo wazi. Wengi wetu tunafanya kazi za watoto kwa sababu tunaogopa waaibike.

Mwl_Bios_Kilosa

Shikamoo Mama Chaki, shikamoo mkufunzi. Asanteni wote, na kijana wa PCB hongera sana.

Nina vikwazo viwili kabla sijaanza. Kwanza, mwalimu wa taaluma hupita na kukagua daftari. Akikuta kurasa hazina noti za mada, mwalimu hajafundisha. Na wathibiti ubora wakija, ni yale yale. Nitajieleza vipi? Pili, kuna watoto kama 20 hivi katika kila mkondo ambao hawawezi kusoma sentensi ya Kiingereza na kuielewa, hata ile fupi. Hao faharasa wataimudu, lakini aya?

Mama Chaki

Marahaba mwanangu.

La taaluma halikutishi ukilikabili mapema. Andalio la somo lina sehemu ya vitendo vya mwalimu na sehemu ya vitendo vya mwanafunzi. Wengi wetu ile ya mwanafunzi tunajaza "kusikiliza na kuandika noti". Wewe ijaze vizuri: mwanafunzi atatafuta dhana tatu kwa kutumia faharasa, atasoma aya na kuieleza kwa mwenzake, ataandika sentensi mbili. Mpelekee mwalimu wa taaluma andalio hilo kabla ya kipindi, umwombe aje akae nyuma ya darasa. Mimi nilifanya hivyo. Alipoona watoto wanabishana juu ya ukurasa, maneno yakaisha. Na noti zitakuwepo, tofauti ni kwamba kila daftari litakuwa na noti zake. Wathibiti ubora niliokutana nao walizifurahia, maana walizoea kukuta daftari 80 zenye sentensi zile zile.

Pia usibadilishe mada nzima kwa mara moja. Chagua mada ndogo moja au mbili ambazo kitabu kimezieleza vizuri na zina michoro, hizo ndizo wajisomee kwa mwongozo wako. Zile ngumu zisizo na mchoro, fundisha mwenyewe kama kawaida. Ndivyo muda wa Novemba utakavyoulinda.

Sasa hao 20. Nakuomba usiwaache hata kidogo, na usiwatenge kwenye mstari wao. Weka wawili wawili: mmoja anasoma aya kwa sauti kwa Kiingereza, anamweleza mwenzake kwa Kiswahili, kitabu kinafungwa, na yule asiyejua Kiingereza ndiye anayesimama kulieleza darasa kwa Kiswahili aya imesema nini. Yeye ndiye msemaji. Hapo anapata Biolojia bila kuzuiwa na lugha, na anapata heshima mbele ya wenzake, kitu ambacho wengi wao hawajakionja tangu waingie sekondari. Baada ya hapo ndipo wawili hao watunge sentensi moja ya Kiingereza. Moja inatosha.

Na wafundishe maneno ya kuamrisha ya mtihani: taja, eleza, tofautisha, linganisha, chora, toa sababu. Yaandike kwa Kiingereza ukutani, chini ya kila moja uweke mfano wa jibu lake. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, wa kidato cha pili na cha nne, unapatikana bure kwenye tovuti yao. Ukiusoma utaona kutoelewa swali linataka nini kunatajwa karibu kila ukurasa, pamoja na udhaifu wa Kiingereza. Uzuri mwingine ni kwamba una picha za majibu halisi ya watahiniwa, yaliyo mazuri na yaliyo dhaifu, kwa mwandiko wao. Chapisha kurasa mbili tatu tu. Wape wanafunzi wako wasahihishe wao. Mtoto akishampa mtu mwingine alama 2 kati ya 10 na kueleza kwa nini, ataanza kuliangalia jibu lake kwa jicho hilo hilo.

Kuhusu vitabu vichache: Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Kama kuna simu moja ya mwalimu na mtandao unashika, unaweza kusoma kurasa kabla na kuzipanga.

Mwl_Bios_Kilosa

Walimu, nimerudi kutoa mrejesho, maana mlinipa muda wenu.

Faharasa imeshika. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Kusoma kwa sauti nimefanya na sentensi ile ile ya ventrikali, na ubishi wa kushoto ni kwa nani ulikula muda wote uliobaki. Aliyetatua ni mvulana ambaye sikuwahi kumsikia akiongea tangu kidato cha kwanza. Alikuja mbele, akaushika mchoro wa kitabu, akaubandika kifuani mwake ukitazama darasa, akasema: "Ni kushoto kwa mwenye moyo, tazameni." Darasa zima likanyamaza, halafu likapiga makofi.

Halafu nikawapa kazi ya nyumbani ambayo haina jibu la kunakili. Osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea kwenye chumvi au sukari nyingi. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi, acha mpaka asubuhi, vishike kwa vidole, andika ulichohisi na swali moja ulilobaki nalo. Kama alivyoshauri mama wa Voi, mpango waliuandika darasani kwanza. Wasio na viazi wakatumia papai bichi. Asubuhi walikuja wakishikisha wenzao vipande: hiki kigumu, hiki kimelegea kama kitambaa. Na yule binti, yule wa "hujatupa noti", swali lake lilikuwa hili: je, ndiyo sababu kachumbari ikitiwa chumvi mapema inatoa maji kabla wageni hawajakaa? Sikumjibu. Nikamwuliza ametafuta wapi. Akaniambia ukurasa. Alikuwa ameshaupata, ila alitaka kuhakikisha kitunguu nacho kina seli za aina hiyo. Nikampa hadubini moja tuliyo nayo na kitunguu, wakaangalia na wenzake wakati wa mapumziko, kwa zamu.

Kilichogoma ni karatasi tupu ya mkufunzi. Nusu ya darasa iliandika tarehe na kichwa cha habari, kisha ikabaki inanitazama. Wengine walianza kulia machozi kabisa, wanadhani ni jaribio. Nimeirudia na hali ikawa ile ile. Niiache?

Mkufunzi Mstaafu

Usiiache, ila umeianza juu sana kwa watoto wa noti, na hilo ningelisema mapema. Usiwape karatasi tupu. Wape mchoro usio na majina. Chora moyo ubaoni, wauchore, waandike majina wanayoyakumbuka, hata mawili tu. Kisha wafungue kitabu na kukamilisha kwa rangi ya pili. Wakizoea hilo, wape maneno matatu na wayaunganishe kwa sentensi. Karatasi tupu ije baadaye. Na waambie kabla ya kuanza, kila siku, kwamba hutakusanya. Kisha kweli usikusanye.

Mama Chaki

Naunga mkono. Na kwa waliolia: kaa nao baada ya kipindi, uwaulize walidhani utafanya nini na karatasi zile. Majibu yao yatakuonyesha walikotoka.

Jingine, mwanangu. Huyo binti wa kachumbari mpe kazi ya kuwafundisha kidato cha kwanza faharasa, kipindi kimoja, wewe ukiwa umekaa nyuma. Mwaka kesho mkondo huo ukipanda kwako hutaanzia sifuri.

Mwl_Bios_Kilosa

Nimeshaongea naye, amekubali, ameomba mwenzake mmoja wasaidiane. Kidato cha kwanza wana toleo tofauti la kitabu na namba za kurasa hazilingani na zetu, kwa hiyo wameniomba nakala wakaipitie kwanza nyumbani. Jumatatu nina vipindi viwili vinavyofuatana na 2B, nitaanza na moyo usio na majina. Nitaleta picha ya daftari mbili tatu hapa, nikificha majina yao, mniambie mnaona nini.